Kikundi cha ukoo, Tabora: wasifu wa mzee wetu

Kaka Mkubwa: Assalaam alaykum, ndugu zangu. Hitima ya arobaini ya mzee wetu itasomwa Jumapili hapa nyumbani Isevya, na kwa kuwa siku ya maziko tulisoma mistari michache tu, wasifu kamili utasomwa kabla ya dua. Naomba kila mmoja aandike alichokiona kwa macho yake au alichokisikia kwa mzee mwenyewe.

Shangazi wa Ng'ambo: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mimi naona tuanze na vita. Kaka yangu aliitwa akiwa mwanamgambo mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipokuwa yameingia Kagera na Mwalimu akatangaza, tarehe 2 Novemba, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Tulimsindikiza hadi stesheni, na marehemu mama akamfungia karanga na chupa ya asali.

Baba Mdogo: Dada, vita visemwe, ila visitangulie. Yeye mwenyewe hakuvitanguliza. Alinieleza kwamba daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa, kwamba walitembea kwa miguu kwenye mvua na tope kupita Masaka hadi Kampala, mji uliotekwa tarehe 11 Aprili 1979, na kwamba zile roketi ambazo Waganda waliziita saba saba yeye alizisikia kwa mbali. Vijana walipompachika ushujaa wa kwenye hadithi, aliwakatiza. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, alifunga karakana kwa ajili ya wenzake waliozikwa Kaboya, wala hakupenda kuulizwa.

Shangazi wa Ng'ambo: Hilo la kufunga karakana liandikwe kama ulivyolisema.

Kijana wa Karakana: Shikamooni wazee wangu. Naomba niseme la kazini. Mbao za mninga zilipofika, mzee hakuruhusu randa iziguse mpaka zikauke kivulini chini ya mwembe, zikiwa zimepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite katikati. Kisha alizigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio, na nyingine akaziamuru zirudi kivulini bila maelezo. Mteja mmoja mwenye harusi alitaka kitanda haraka. Mzee akamrudishia fedha zake mbele yangu, akamwambia kuwa mbao mbichi ikikaukia ndani ya nyumba itapinda na viungo vitalegea. Yule bwana aliposononeka, mzee akamwazima kitanda chake mwenyewe.

Dada wa Cheyo: Mama yuko eda na hashiki simu, lakini nimemsomea haya naye ameniagiza niandike. Anasema ni kweli, walilala kwenye mkeka mpaka mbao za yule bwana zilipokauka, na kila asubuhi baba alimuuliza kama mgongo unamuuma, naye kila asubuhi alimjibu kwamba amuulize bwana harusi. Anaongeza kwamba baba hakuwahi kula chakula cha jioni kabla hajamwona kila mtoto ameingia ndani, hata sisi wasichana tulipokuwa wakubwa na tukaona anatuonea.

Baba Mdogo: Mnaona sasa? Hapo ndipo wasifu uanzie.

Kaka Mkubwa: Nimekubali, na shangazi aniwie radhi: tutaanza na karakana na nyumba, kisha vita vitafuata kwa maneno yake machache. Limebaki la madeni, ambalo lazima litangazwe. Dada, daftari lake linasemaje?

Dada wa Cheyo: Lina wateja wawili waliotanguliza fedha: mmoja wa milango ya nyumba, mwingine wa kabati la vyombo. Waliokuwa wakidaiwa naye aliwakata kwa mstari mwenyewe, kabla ya kulazwa.

Kijana wa Karakana: Mbao za milango zimeshakauka, nitaanza Jumatatu. Za kabati bado, na mteja nimeshamweleza.