Dantès kwa dakika 25: tukate wapi?

Uyole Jukwaani: Wakuu, kikundi chetu hapa Mbeya kinataka kutoa filamu ya dakika 25 kutoka riwaya ya The Count of Monte Cristo ya Alexandre Dumas: baharia Edmond Dantès anafungwa bila hatia, anatoroka ndani ya gunia la maiti linalotupwa baharini, kisha analipiza kisasi kwa maadui wake. Waigizaji 7, kamera moja. Kitabu kina sura 117! Tukate wapi? Na ile ya kutupwa baharini tunataka kuipigia Matema, Ziwa Nyasa. Gunia linafanywaje mtu asije akatufia?

Kalamu Nyekundu, Iringa: Msibebe maadui wote watatu. Danglars anahitaji mandhari ya benki, Villefort ya mahakama na ya nyumba ambamo watu wanauawa kwa sumu. Fernand anamhitaji Mercédès tu, mchumba wa Edmond aliyekuja kuwa mkewe; bakini naye.

Barua ya uzushi iliyomtia Edmond gerezani ndiyo msiiguse. Danglars anaiandika kwa mkono wa kushoto mwandiko usijulikane, anaikunjakunja na kuitupa pembeni eti mzaha. Fernand anaiokota. Mmoja kaandika hakupeleka, mwingine kapeleka hakuandika. Miaka baadaye gerezani, padri Faria, mfungwa mwenzake, anachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, anaandika maneno yaleyale, na Edmond anaona mwandiko ni uleule. Pigeni mikono hiyo miwili kwa karibu, pembe moja, mwanga tofauti. Hapo mmeokoa dakika 10 za maelezo. Danglars akishaandika, asirudi tena.

Mpiga Picha wa Tukuyu: Mtu asiingie majini ndani ya gunia, hata fundo likiwa la uongo. Gaweni picha tatu. Nchi kavu, wabebaji wanambembeza mwigizaji mara tatu. Kateni kabla hawajaachia. Halafu gunia la mfano linarushwa. Mwisho mwigizaji anaibuka kwenye maji ya kiuno, matambara ya gunia mabegani, kisu mkononi.

La mfano liwe la katani. Salfeti inang'aa na inashika hewa. Hata la katani likijazwa nguo kavu litaelea, watu watacheka. Lilowesheni, wekeni mchanga kilo 20 upande wa miguu, juu matambara mabichi, toboeni matundu, fungeni kamba ya kulivutia. (Kitabuni wanamfunga risasi ya mzinga ya pauni 36, kama kilo 17 na nusu.)

Pigeni alfajiri. Milima ya Livingstone iko mashariki, jua linachelewa kuwafikia, kwa hiyo mwanga wa usiku wa kuigiza unadumu. Mei hadi Agosti upepo wa mwera unachafua ziwa, epukeni.

Kalamu Nyekundu, Iringa: Na mwisho, panga wekeni chini. Filamu ya 2002 ya Kevin Reynolds inamaliza kwa upanga, tena Albert, mwana wa Mercédès na Fernand, anageuka mtoto wa Edmond. Inasisimua, ila kisasi kinakuwa ugomvi wa kawaida. Kitabuni Haydée, binti ambaye baba yake alisalitiwa na Fernand, anamuumbua Fernand hadharani, mkewe na mwanawe wanahama, yeye yuko dirishani. Gari likivuka lango, mlio wa bastola, moshi kwenye kioo. Haihitaji pesa. Dumas alikufa 1870, kisa ni huru. Ya Albert ni mali ya hiyo filamu.

Uyole Jukwaani: Ya Albert tulishaiandika. Tunafuta. Katani tutaipata wapi, siku hizi yote salfeti?

Mpiga Picha wa Tukuyu: Ulizeni wenye kahawa, Mbozi. Likinuka, kamera haina pua.