Tumeagizwa kuunda taasisi bandia ya maafa ili kuitangaza filamu. Naomba ushauri wenu

Binti wa Msasani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Ninafanya kazi katika kampuni ndogo ya matangazo ya filamu na muziki hapa Dar es Salaam, na kazi niliyokabidhiwa wiki hii imeninyima usingizi.

Tumepewa filamu inayohusu mafuriko yanayozamisha mji wa pwani. Mtayarishaji hataki mabango wala mahojiano ya redioni. Anataka tuunde taasisi ya utafiti isiyokuwepo, yenye nembo, anwani ya ofisi, picha za wanasayansi na taarifa kwa vyombo vya habari, nayo itangaze kwamba bahari itapanda mwezi fulani na kwamba nafasi za kuokolewa ni chache. Watu wataandika majina na namba zao za simu ili waingie katika bahati nasibu ya kupata nafasi ndani ya meli. Jina la filamu halitatajwa kwa wiki tatu za mwanzo. Kila tunapokutana anatutolea mfano wa filamu ya Marekani iitwayo 2012, ambayo anasema ilitangazwa kwa njia hiyo hiyo ikaingiza mamilioni.

Mama yangu anauza samaki Feri. Ujumbe wowote wenye nembo ya taasisi ukimfikia kwenye simu huwatumia wenzake kabla hata hajaumaliza kuusoma, nao humwamini kwa kuwa ana mtoto aliyesoma. Namwona kabisa akiusambaza ujumbe nitakaouandika mimi mwenyewe. Nilipomweleza mkuu wangu wa kazi, alinijibu kwamba kila mtu mzima anajua filamu ni filamu.

Naomba wanaoifahamu kampeni ile wanieleze ilivyokuwa hasa, na kama ipo njia ya kuifanya kazi hii bila kumtisha mtu kwa uongo. Naomba kuwasilisha.

Mpenzi wa Sinema

Dada, umeuliza jambo ambalo nimelifuatilia kwa miaka mingi, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha.

Filamu hiyo iliongozwa na Roland Emmerich na ilitoka Novemba 2009. Kampeni yake, hata hivyo, ilianza mwaka mmoja kabla, Novemba 2008, kwa kionjo kifupi kilichoonyesha wimbi la bahari likipanda juu ya milima ya Himalaya. Kionjo hicho kiliuliza serikali za dunia zingewaandaaje watu bilioni sita kwa ajili ya mwisho wa dunia, kikajibu kwamba zisingewaandaa, kisha kikamwelekeza mtazamaji akatafute mwenyewe ukweli kwa kuandika tarakimu 2012 kwenye mtandao. Hapo ndipo palipo na ujanja wote. Mtu aliyeandika tarakimu hizo hakukutana na filamu peke yake, bali alikutana pia na kurasa chungu nzima za watu waliokuwa wakiamini kwa dhati kwamba dunia ingeangamia tarehe 21 Desemba 2012.

Kati ya kurasa hizo palikuwa na tovuti ya Institute for Human Continuity, yaani taasisi ya kuendeleza uhai wa binadamu, ambayo ilikuwa kazi ya watangazaji wa filamu. Ilieleza kwamba wanasayansi wake walikuwa na uhakika wa asilimia 94 kuhusu maangamizi hayo, na ilimwezesha msomaji kujiandikisha apewe namba ya bahati nasibu ya watakaookolewa. Palikuwa pia na blogu ya mhusika mmoja wa filamu, iliyoandikwa kana kwamba ni ya mtu aliye hai, na tovuti ya riwaya ya kubuni iitwayo Farewell Atlantis.

Mtayarishaji wenu anasema kweli kuhusu mapato, maana filamu ilipata zaidi ya dola milioni 790 duniani kote. Lakini filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 200, ilitengenezwa na mwongozaji ambaye tayari alikuwa na jina kubwa, na matangazo yake yalijaa kila mahali. Anayesema kwamba taasisi bandia ndiyo iliyoleta fedha hizo amechukua tone moja akaliita mvua.

Mwalimu wa Jiografia

Nakushukuru mkuu kwa maelezo hayo. Naongeza upande ambao watu wa sinema hawautaji sana.

Katika kituo cha Ames cha shirika la anga la Marekani, NASA, alikuwapo mwanasayansi aitwaye David Morrison, ambaye alikuwa akijibu maswali ya umma kwenye tovuti ya shirika. Yeye alipokea maswali zaidi ya elfu moja kutoka kwa watu waliodhani taasisi ile ni ya kweli, na alilaani kampeni hiyo hadharani. Alieleza kwamba baadhi ya walioandika walikuwa vijana wadogo waliofikiria kujiua kwa sababu hawakutaka kuuona mwisho wa dunia. Mimi nafundisha kidato cha pili, na kila ninapoikumbuka habari hiyo naziona sura za wanafunzi wangu.

Zingatieni ni nani waliobebeshwa mzigo. NASA ililazimika kuandaa ukurasa maalumu wa kueleza kwa nini dunia haitaisha mwaka 2012: kwamba hakuna sayari iliyojificha inayokuja kutugonga, na kwamba kalenda ya kale ya Wamaya, watu wa Amerika ya Kati, haikutabiri maangamizi, bali ilikuwa inakamilisha mzunguko wa siku 1,872,000 ili mwingine uanze, kama sisi tunavyotundika kalenda mpya Januari. Filamu yenyewe ilisema kwamba chembe ziitwazo nyutrino zitokazo kwenye jua zingeupasha moto moyo wa dunia, ilhali chembe hizo hupita katika miili yetu kwa matrilioni kila sekunde bila sisi kuhisi chochote. Kosa hilo ndani ya filamu halinisumbui, kwa sababu hadithi ina ruhusa yake. Kinachonisumbua ni hadithi kuvalishwa koti jeupe la maabara na kutolewa nje ya ukumbi wa sinema.

Namba Niliyopewa

Sijawahi kuliandika hili mahali popote. Mwaka 2009 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na tulikuwa tukilipia nusu saa kwenye intaneti kafe ya mjini kila Jumamosi. Rafiki yangu alinionyesha tovuti hiyo, tukajiandikisha wote wawili na tukapewa namba. Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani. Tuliona neno taasisi, tukaona asilimia, tukaona watu waliovaa kama wataalamu. Kama kulikuwa na alama ya filamu pembeni, sisi hatukujua kwamba tulipaswa kuitafuta.

Niliificha namba yangu ndani ya kitabu cha hesabu. Jambo lililonitesa si kwamba dunia ingeisha, bali kwamba nilikuwa nimejiandikisha peke yangu na sikuwa nimemwandikisha bibi yangu aliyenilea. Jumamosi iliyofuata nilirudi kumwandikisha, umeme ukakatika, nikarudi nyumbani nikilia, na bibi akaniuliza nimeibiwa nini. Niligundua kwamba ni filamu baada ya miezi kadhaa, nilipoona kava la DVD kwenye kibanda.

Dada, mkuu wako akikwambia kwamba kila mtu anajua, mweleze kwamba mimi sikujua.

Mtu wa Masoko

Nawaheshimu wote waliotangulia, ila naona uzi umeegemea upande mmoja, nami kazi hii nimeifanya kwa miaka kumi na minne.

Wapo wapenzi wengi wa filamu wanaofurahia mchezo wa namna hii. Wanakusanya vidokezo, wanafumbua mafumbo pamoja, wanajua kabisa kwamba ni mchezo, na wanaingia ukumbini wakiwa tayari wameipenda hadithi. Tusiifute sanaa nzima kwa sababu ya waliopotea njia. Isitoshe, mara nyingi taharuki hukuzwa na wanaoisimulia. Mchezo wa redio wa Orson Welles kuhusu uvamizi kutoka Mirihi, wa tarehe 30 Oktoba 1938, ulidaiwa na magazeti kuwa uliwakimbiza Wamarekani mabarabarani, lakini watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba magazeti yalitia chumvi nyingi.

Ushauri wangu ni kwamba usiikatae kazi. Nenda na wazo mbadala mkononi, kwa sababu mtayarishaji akisikia hapana tupu atatafuta kampuni nyingine isiyokuwa na mtu anayejali kama wewe.

Mpenzi wa Sinema

Mkuu, nakubaliana nawe kuhusu wazo mbadala, na kuhusu magazeti ya 1938 pia. Lakini kumbuka kwamba mchezo ule ulitangazwa mwanzoni kabisa kuwa ni mchezo uliotokana na riwaya ya H. G. Wells, waliochanganyikiwa ni hasa wale waliofungua redio wakiwa wamechelewa. Mtayarishaji wa dada yetu anataka wiki tatu zipite bila tangazo kama hilo la mwanzoni kuwapo. Hata aliyewahi mapema atakuwa amechelewa.

Kuna mfano mwingine unaoweza kumgusa mtayarishaji mfukoni. Mwaka 2017 watangazaji wa filamu A Cure for Wellness walianzisha tovuti za habari za uongo zenye majina yanayofanana na ya magazeti ya miji ya Marekani, wakachapisha habari za kubuni za siasa na afya. Mambo yalipofichuka studio iliomba radhi. Filamu iliyogharimu takriban dola milioni 40 haikurudisha hata 30. Watu waliisoma sana habari ya udanganyifu, wala hawakununua tiketi.

Wakili wa Kujitegemea

Nitasema machache, na haya si mbadala wa kuonana na mwanasheria wenu ana kwa ana.

Kwanza, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinagusa anayechapisha kwa kompyuta taarifa anayojua ni ya uongo kwa nia ya kuupotosha umma. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Mpango wenu, kama ulivyoelezwa hapa, unajitangaza wenyewe kwamba nia ni watu waamini. Utetezi wa kwamba baada ya wiki tatu mngesema kweli ni dhaifu, kwa kuwa taarifa itakuwa imekwisha kuchapishwa.

Pili, na hili naona limepita kimya, mnakusanya majina na namba za simu kwa kisingizio cha kuokoa maisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze madhumuni ya kweli. Ninyi madhumuni yenu ni kuuza tiketi. Kama watoto watajiandikisha, kama alivyofanya ndugu yetu hapo juu, hali itakuwa mbaya zaidi.

Tatu, dada, weka maandishi. Mwandikie mkuu wako barua pepe ya heshima ukieleza wasiwasi huu, ili siku mambo yakiharibika isije ikasemekana kwamba lilikuwa wazo lako.

Mwalimu wa Jiografia

Naomba niongeze jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh, na zaidi ya watu 80 walifariki. Katika siku kama ile, au pale Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya kimbunga pwani, maisha ya watu yanategemea kama wataiamini taarifa yenye nembo au wataipuuza. Mkiwazoesha wavuvi kwamba nembo, wataalamu na tarehe ya mafuriko vinaweza kuwa tangazo la filamu, tahadhari ya kweli itakapokuja baadhi yao wataendelea kutandaza nyavu wakisubiri jina la filamu.

Kuhusu wazo mbadala, napendekeza mji uwe wa kubuni na ujulikane hivyo. Taasisi iwe ya mji huo, na chini ya kila picha iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama za kichwa cha habari, jina la filamu na neno HADITHI. Maneno hayo yawe ndani ya picha yenyewe, kwa sababu huku kwetu picha hutumwa bila maelezo yaliyoambatana nayo.

Binti wa Msasani

Nimesoma kila neno, na nawashukuru kwa dhati. Simulizi ya bibi na namba iliyofichwa ndani ya kitabu cha hesabu nimeisoma mara tatu.

Nilimwandikia mkuu wangu barua pepe kama wakili alivyoshauri, na leo asubuhi tumekaa na mtayarishaji. Sikuanza na sheria. Nilichapisha tangazo moja la taasisi kama alivyolitaka, nikamwonyesha, kisha nikamweleza kwamba jana jioni nilimpa mama yangu karatasi hiyo bila kumwambia kitu. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza tumhamishie wapi shangazi anayeishi Kunduchi na miguu yake ile. Nilimwambia ukweli palepale na nikamwomba radhi, naye hakunisemesha mpaka tulipokula.

Mtayarishaji alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza kama mji wa kubuni unaweza kuwa na redio yake. Nikamjibu kwamba unaweza, mradi kila kipindi kianze kwa kutaja jina la filamu. Bahati nasibu ameiondoa. Kuhusu wiki tatu za kuficha jina bado hatujakubaliana, na tumepanga kukutana tena Jumatatu, kwa hiyo kama kuna mwenye mfano wa kampeni iliyotaja jina lake tangu siku ya kwanza na bado ikavuta watu, naomba aulete hapa kabla ya siku hiyo.