Sokwe tunao Gombe, vinzi vya ndizi vya nini?

Mleta mada, Ujiji:
Wakuu, salaam. Mdogo wangu yupo likizo kutoka chuo, ananiambia wanasoma tabia za kijamii kupitia vile vinzi vinavyozengea ndizi zilizoiva. Nilicheka. Hapo hifadhi ya Gombe mtafiti Jane Goodall alifika Julai 1960, akaona sokwe wakichokoa mchwa kwa vijiti. Baadaye kundi moja likagawanyika, na 1974 hadi 1978 wakauana. Hao wana jamii. Nzi ana jamii gani? Naona ni pesa kuchezewa. Nawasilisha.

Mwalimu wa baiolojia, Kasulu:
Mkuu, Gombe utaona sokwe anafanya nini. Jeni ipi, yaani chembe ipi ya urithi, inahusika, hapo utakwama: jike anakaa miaka kama mitano kati ya mtoto na mtoto, na nani atakuruhusu umchezee jeni? Nzi huyu, kwenye nyuzi joto 25, yai linakuwa nzi kamili kwa siku kumi hivi. Dume humtongoza jike kwa kutetemesha bawa moja, ndio wimbo wake, hakufundishwa na yeyote. Mwaka 2005, Vienna, walimpa jike umbo la kiume la jeni moja tu. Akaanza kutongoza majike wenzake! Hata Nobeli ya tiba ya 2017, ya saa ya mwili, ilitokana na nzi hawa.

Muuza maembe, Mwanga:
Ndio hao wanaotutia funza kwenye maembe?

Mwalimu:
Hapana, dada. Wale ni nzi wengine, hutaga kwenye embe likiwa bado mtini. Hawa wanafuata lililoanza kuchacha.

Mleta mada:
Sawa, jeni nimekuelewa. Ila kutongoza si ujamaa, mwalimu, ni uchu.

Mwalimu:
Haya, upokee na huu: mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliona madume waliokataliwa na majike wanapenda zaidi chakula chenye pombe kuliko waliokubaliwa.

Muuza maembe:
Kanyimwa, kaenda kilabuni 😂

Mleta mada:
Hapo sasa ndipo ninapogoma. Mlevi wa hapa mtaani ana madeni, ana wakwe, ana mtumbwi uliozama. Someni nzi mjue ubongo unavyofanya kazi, sina neno tena, na ile ya pesa naifuta. Lakini mkitoka maabara mkaja kunieleza huyu jirani yangu kwa nzi, tutagombana. Mwalimu, wanafunzi wako unawaambia mpaka uko wapi?