Fundi ameniambia mbele ya wakwe eti stima yangu ina haya

MzeeWaMtoni (Vihiga)
Mnamjua, sina haja ya kutaja jina. Yule wa kofia ya rangi ya damu ya mzee, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani. Jioni hii, mbele ya wakwe kumi na mmoja, amepangusa midomo kwa kitambaa changu cha meza akasema: "Mzee, stima yako ina haya. Ikiona watu inajificha."

Ina haya! Stima!

Mota ninayozalishia stima ni ya poshomili ya zamani, feizi tatu. Maji ya mto yanaizungusha, kapasita zinaiamsha, transfoma inashusha, daiodi sita zinanyoosha mkondo uingie kwenye betri. Bila mzigo, yaani bila kitu cha kula stima, inapanda vizuri hadi volti 400. Nikamwonya wiki nzima: ukifunga betri zilizoishiwa chaji kwa ghafla, volteji itavutwa chini, na nguvu ya kapasita hufuata mraba wa volteji. Ikishuka nusu, umebaki na robo. Mashine inalala. Akajibu ndiyo, ndiyo, kuku ameiva?

Wakwe wameketi, akabonyeza. Taa zikawaka, mama wa bibi harusi akapiga kigelegele, na kigelegele hakijaisha, giza. Tukafunga maji, akagusisha betri ya bodaboda kwenye koili ili usumaku urudi. Ikawaka, ikazima. Mara tatu! Ya tatu ndipo alipotamka lile neno. INA HAYA.

Ninavyoandika hapa mke wangu anacheka peke yake jikoni. Namsikia.

SpanaNamba10 (Kakamega)
Pole mzee, lakini na wewe. Mota ya poshomili ulitaka iwe bwawa la stima la Turkwel? Mzigo ukiongezeka, kapasita nazo ziongezwe. Uliweka ngapi?

MzeeWaMtoni
Sikuja kuulizwa kapasita. Nimesema ALISEMA INA HAYA.

UpepoWaZiwa (Kisumu)
Heri yako yenye haya. Aliyotufungia sisi ni shetani. Tulizima mzigo wote kwa mpigo, hakuna koili ya kumeza ziada, mashine ikaenda mbio, volteji ikapaa, balbu za banda zikapasuka zote. Tangu siku hiyo kuku wakiona taa wanakimbilia shambani kwa jirani.

MamaKaroti (Nakuru)
Kumbe ni yuleyule! Mimi alinifungia kapasita za kuanzishia mota, zile za kazi ya sekunde chache, ziwe za kukaa siku nzima. Zililipuka kama bisi. Na bado ananidai nauli.

KijanaWaMbale
Mzee, swali dogo. Imondo, ile firigisi ya heshima, alikula nani?

MzeeWaMtoni
Yeye.

KijanaWaMbale
YEYE??? Wakwe wako mezani, imondo inaenda kwa fundi?

SpanaNamba10
Basi hiyo ya kapasita tuiache. Hii ndiyo kesi.

UpepoWaZiwa
Firigisi ya kuku mmoja ndiyo mnaitia kesi? Mngewapikia wageni samaki mambo yaishe.

KijanaWaMbale
Watu wa samaki kaeni kando, haya ni ya wenyewe.

SpanaNamba10
Wakwe wamerudi kwao na habari hiyo. Mahari itapanda hata kama volteji imekataa.

MamaKaroti
Fundi hakujipakulia. Mzee, nani alipakua?

MzeeWaMtoni
Mke wangu.

Bado anacheka.