Beetle ya 1967 haina kibati cha namba, na namba ya chasisi imeliwa na kutu. Ninunue?

Chuma cha Kale

Wakuu heshima kwenu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nimepata Volkswagen Beetle, kwenye kadi limeandikwa la mwaka 1967. Bodi imenyooka, milango inafunga vizuri bila kunyanyuliwa, injini inawaka. Lilikuwa la mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu, na anayeliuza ni mwanawe. Kadi ipo, jina ni la marehemu.

Tatizo ni utambulisho. Kile kibati kinachokaa chini ya boneti ya mbele, karibu na tairi la akiba, hakipo. Yamebaki matundu ya ribiti, na rangi imepita juu yake. Muuzaji anasema kilitolewa gari lilipopigwa rangi, halafu hakikurudishwa. Fundi niliyekwenda naye akaniambia nisijisumbue, vibati vitupu vinauzwa mtandaoni, tunagonga namba iliyo kwenye kadi, tunabandika, kazi imekwisha.

Roho yangu haijatulia. Gari nalitaka kweli, nimelitafuta la aina hii kwa miaka. Je, kibati kupotea ni jambo la kawaida kwa magari ya umri huu, au ndiyo dalili ya kukimbia? Nianzie wapi?

Fundi Bodi

Ndugu, kwanza wazo la kugonga kibati chako lifute kabisa. Hata kama gari ni halali asilimia mia, siku utakapobandika kibati ulichotengeneza mwenyewe umeligeuza kuwa gari lenye utambulisho wa kughushi. Na atakayekutwa nalo ni wewe, fundi atakuwa keshaenda zake.

Kibati kukosekana peke yake hakunitishi. Nimepiga rangi magari mengi ya zamani, na mafundi wengi hung'oa ribiti wapige rangi vizuri, kibati kikaishia kwenye kopo la nati na bolti. Swali la maana ni moja: namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe inasomekaje? Kwenye Beetle iko juu ya handaki la katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Nyanyua kiti, mulika tochi, kisha rudi hapa utuambie.

Springi Kavu

Naongezea kwa upande wa Land Rover za zamani, kwani mambo ni yale yale. Namba ya kwenye chasisi hugongwa mbele kulia, kwenye mkono unaoshika springi. Pale panapigwa tope na maji maisha yote ya gari, kwa hiyo nyingi hazisomeki tena. Isitoshe, magari hayo hubadilishiwa chasisi nzima ikishaoza, na chasisi mpya haiji na namba ya zamani. Kwa hiyo usihukumu haraka. Lakini usinunue pia kwa haraka.

Wakili Mtulivu

Mkuu, wenzangu wameongea ya chuma, mimi niongee ya sheria.

Karibu kila nchi inachukulia kuondoa au kubadili namba ya gari kuwa kosa la jinai, na nyingi zinaruhusu polisi kulishikilia gari lenye namba ya mashaka hata kama aliyenunua hakujua lolote. Nia njema inaweza kukuokoa wewe na kesi, ila gari linaweza kubaki kituoni.

Kuna tukio la jimbo la Kansas kule Marekani ambalo kila mpenda magari ya kale anapaswa kulijua. Mtu alinunua Chevrolet Corvette ya 1959 kwa haki kabisa, akalipeleka kukaguliwa ili alisajili, likazuiwa pale pale. Kibati cha namba kilikuwa kimeondolewa na kurudishwa wakati wa ukarabati miaka mingi nyuma, kabla yeye hajalijua gari hilo. Hakuna aliyemtuhumu kuwa mwizi. Sheria ya jimbo kwa wakati ule ilitaka gari la namna hiyo liharibiwe. Akahangaika mahakamani kwa miaka, mpaka mwaka 2022 jimbo likabadilisha sheria ili magari ya kale yaliyoondolewa kibati kwa ajili ya matengenezo yasihesabiwe kuwa ya kihalifu. Si kila nchi ina kifungu kama hicho. Ulizia cha kwenu kabla hujalipa, si baada ya kulipa.

Jambo la pili ambalo hukuliuliza: jina kwenye kadi ni la marehemu. Mtoto wa marehemu si lazima awe na mamlaka ya kuuza. Omba hati inayomtaja kuwa msimamizi wa mirathi, na kama kuna warithi wengine, idhini yao iwe ya maandishi. Mimi hili linanipa wasiwasi kuliko kibati.

Chuma cha Kale

Asanteni sana. Nimerudi kuliangalia leo, nimenyanyua kiti cha nyuma.

Betri inakaa huko huko chini, upande wa kulia, na tindikali yake imekula sakafu yote ya upande ule. Kutu imepanda hadi kwenye handaki. Namba ipo. Mwanzo inasomeka vizuri, 118 kisha 2, halafu tarakimu zinazofuata zinaonekana kwa shida, na ya mwisho kabisa ni 3 au 8, sina hakika. Kwenye kadi imeandikwa 3.

Jingine lililonichanganya: niliambiwa tarakimu ya tatu ni mwaka, sasa 8 si ina maana 1968? Mbona kadi inasema 1967? Pia nimejaribu kuingiza namba kwenye programu za kukagua historia ya magari, zote zinaikataa.

Mzee wa Injini ya Nyuma

Kijana wangu, hapo pa mwaka tulia, pana maelezo yake.

Volkswagen walikuwa wakianza mwaka wa modeli mwezi Agosti, si Januari. Gari lililotoka kiwandani kati ya Agosti na Desemba 1967 linahesabiwa kuwa modeli ya 1968, na namba yake inaanza na 118: 11 ni Beetle, 8 ni mwaka wa modeli. Kwa hiyo kadi kusema 1967 na namba kusema 8 havipingani. Kwangu mimi hilo linaipa kadi nguvu, maana mtu anayeghushi kwa kubahatisha angefanya viwili hivyo vifanane.

Programu kuikataa namba nako ni kawaida. Zile zinataka namba ya herufi na tarakimu 17, na mpangilio huo ulienea kuanzia miaka ya 1980. Marekani ulilazimishwa kwa magari ya modeli ya 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Ya gari lako ina tarakimu tisa tu, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kuanzia modeli ya 1970 ndipo Beetle ikawa na kumi.

Sasa bodi yenyewe ikueleze. Gari la modeli ya 1968 la injini ya 1300 au 1500 (ukubwa wa injini kwa cc) linatakiwa liwe na taa za mbele zenye kioo kilichosimama wima, si kilicholala kufuata mgongo wa bawa la tairi la mbele. Ukikuta taa za kulala, uliza kwa nini. Kumbuka bodi ya Beetle imefungwa kwa bolti juu ya chasisi, hivyo bodi ya gari moja inakaa juu ya chasisi ya gari jingine bila shida yoyote. Namba ni ya chasisi. Bodi nzuri uliyoipenda inaweza kuwa na historia yake tofauti.

Kisha tazama namba ya injini, iliyogongwa kwenye injini yenyewe chini ya kishikio kinachobeba jenereta. Herufi H ni ya 1500, F ni ya 1300 ya miaka ile. Injini hubadilishwa sana, kwa hiyo kutofautiana kwake si kosa, ila uandike.

Na kitu cha kukufaa kuliko vyote: makumbusho ya magari ya Volkswagen kule Wolfsburg, Ujerumani, hutoa cheti cha kuzaliwa cha gari kwa kutumia namba ya chasisi. Kinaonyesha tarehe ya kutengenezwa, rangi ya kwanza na lilikopelekwa. Omba kwa namba yenye 3, kisha linganisha rangi na ile iliyobaki nyuma ya dashibodi au chini ya zulia la buti, ambako mpiga rangi huwa hafiki. (Kwa magari mengi ya Uingereza, huduma ya namna hiyo iko British Motor Museum, Gaydon.) Cheti hicho si hati ya umiliki, hakitamridhisha polisi peke yake. Lakini kitakuambia wewe kama chuma na karatasi vinazungumza lugha moja.

Fundi Bodi

Mzee kamaliza, mimi niongeze la mkono.

Usipeleke grenda pale, wala msasa, wala brashi ya waya. Tumia brashi laini na mafuta ya kulainisha kutu, uache yalale, ufute kwa kitambaa. Halafu weka karatasi nyembamba juu ya namba, uipitishie penseli iliyolazwa. 3 na 8 zinatofautiana kushoto tu: 8 imefunga, 3 iko wazi. Piga picha na tochi iliyolazwa ubavuni, si kutoka juu, kivuli ndicho kitakachokuonyesha.

Angalia na kulehemu. Sakafu za Beetle huoza na kubadilishwa nusu nusu, kushoto na kulia, kwa hiyo mstari wa kulehemu unaokimbia sambamba na handaki ni kitu cha kawaida. Ila mstari unaozunguka namba, au kipande cha bati chenye namba kilichopandikizwa juu ya handaki, hapo funga kiti, sema asante, ondoka.

Binti Spana

Kaka, ukiwa bado na shaka kati ya 3 na 8, kuna wataalamu. Namba inapogongwa, chuma kilicho chini yake nacho hukandamizwa, si kile cha juu peke yake. Ndiyo maana hata namba iliyosagwa kwa makusudi, maabara za polisi zinaweza kuirudisha: hupaka kemikali, na sehemu iliyokandamizwa huliwa tofauti na inayoizunguka, tarakimu zinatokea. Kutu kali inaweza kuharibu hata hayo, ila inafaa kujaribu. Na hii ndiyo sababu nyingine ya kutogusa kwa grenda, utakuwa unafuta ushahidi unaokusaidia.

Chuma cha Kale

Penseli imefanya kazi! Kushoto pako wazi, ni 3. Hakuna kulehemu kwenye handaki, taa za mbele zimesimama wima. Injini ina herufi F, nimeiandika.

Nimemweleza muuzaji kwamba nataka gari likaguliwe kabla. Amekubali, ila anataka malipo ya awali kwanza, na dada yake hataki gari litoke nyumbani.

Wakili Mtulivu

Basi mkaguzi aende huko, si lazima gari litoke. Malipo ya awali usitoe mpaka yawepo mambo mawili: hati ya mirathi yenye sahihi ya huyo dada pia, na majibu ya ukaguzi kwa maandishi yenye muhuri, yakitaja namba kama ilivyosomeka kwenye chasisi. Mkiandikiana mkataba, kiingie kifungu kwamba mamlaka ikikataa utambulisho wa gari, fedha zinarudi zote. Akikikataa kifungu hicho, hapo usibishane naye, liache.

Kibati kipya kiombe kwa mamlaka ya usajili baada ya uhamisho. Nchi nyingi zina utaratibu wa kutoa kibati mbadala au kuidhinisha namba kugongwa upya mbele ya ofisa wao. Kikitoka kwao, hutaulizwa tena.

Fundi Bodi

Siku mkaguzi anakuja, toa betri na kiti mapema, na pale penye namba pawe pakavu bila rangi wala grisi. Ile karatasi ya penseli mpe pia.