Mjadala: Makuli wa ziwani walipwe hata muda wa kupumzika?

Ndugu zangu wa Kigoma, na mlio mbali, naomba hili tulijadili kwa utulivu. Msimamo wangu ni huu: kulipwa kwa mfuko, bila mapumziko yanayolipwa, kunawamaliza figo vijana wetu.

Mdogo wangu anapakia simenti kwenye boti za Kongo na Burundi. Mfuko kilo 50, ubao mwembamba kutoka nchi kavu hadi botini. Septemba iliyopita, mvua hazijaanza, alirudi nyumbani saa kumi jioni na mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi. Mfukoni alikuwa na vidonge vinne vya diklofenaki, dawa ya maumivu, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nikamuuliza mbona hanywi maji. Akanijibu, "Kaka, nikinywa nitakwenda kukojoa, na kukojoa ni mifuko miwili."

Jibu hilo limenikosesha usingizi. Mwili ukikaukiwa maji, figo hutegemea kemikali ziitwazo prostaglandini ili mishipa inayoziletea damu ibaki wazi. Diklofenaki huzuia mwili kuzitengeneza. Kwa hiyo kidonge kinachotuliza mgongo kinazinyima figo damu saa ileile zinapoihitaji. Na kinachomzuia kunywa maji ni hesabu ya malipo, wala si ujinga. Kule California, utafiti uliochapishwa 2017 ulipima damu ya vibarua wa mashambani karibu 300 kabla na baada ya zamu. Waliolipwa kwa kiasi walichofanya ndio walioonyesha zaidi dalili za figo kuumia.

Kuli mstaafu, Ujiji:
Kaka, pole na mdogo wako, lakini usituletee posho ya siku. Nimebeba miaka kumi na moja. Nyumba yangu ya Mwanga imetoka kwenye mifuko, na wanangu wamesoma kwa mifuko. Posho ya siku inamfaidi mvivu na nyapara wake. Kijana mwenye nguvu mwache atumie nguvu zake. Halafu mwenye mzigo akibanwa, atapunguza watu.

Fundi wa maabara:
Mimi naongeza tahadhari. Kinachopimwa ni kreatinini, taka inayotokana na misuli, ambayo figo zikiumia hubaki nyingi kwenye damu. Aliyetoka kubeba mizigo, au aliyekula nyama nyingi, inaweza kupanda kidogo na figo zake ni nzima. Kipimo kimoja baada ya zamu hakithibitishi ugonjwa. Ila kuna upande unaotisha zaidi: kreatinini inaweza kusoma kawaida wakati karibu nusu ya uwezo wa figo umeshapotea. Kaka, mdogo wako apimwe na protini kwenye mkojo, arudie baada ya miezi mitatu. Na hivyo vidonge aviache leo.

Mleta mada:
Asante dada wa maabara, nimekuelewa. Mzee wangu wa Ujiji, sikuomba posho ya siku. Malipo ya mfuko yabaki. Ninachotaka ni mapumziko yahesabiwe kama mifuko, ili kunywa maji kusimpunguzie mtu hela.

Kuhusu kupunguza watu: El Salvador, msimu wa 2014 hadi 2015, wakata miwa walipewa maji ya kubeba mgongoni, turubai la kivuli linalohamishwa, mapumziko ya ratiba na mapanga bora. Wastani wa mtu mmoja kwa siku ulipanda kutoka tani 5.1 hadi 7.3. Miwa si simenti, na panga jipya nalo lina mchango wake, nakubali. Lakini aliyepumzika hakuzalisha kidogo.

Tena tajiri akikwepa gharama ya maji, gharama haipotei, inahamia kwa familia. Figo zikishindwa kabisa, kusafisha damu ni kawaida mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Nani atambebea mtoto wa kuli huyo mifuko siku hizo?

Mdogo wangu anapimwa Jumatatu. Wenye boti na manyapara mlio humu, nijibuni: dakika kumi kila saa ni mifuko mingapi?