Mrejesho: sumaku inayoshuka juu ya kidonge cha YBCO

Niliuliza kwa nini sumaku inayoelea juu ya kidonge cha YBCO (kauri ambayo ikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani) hushuka polepole ilhali naitrojeni kimiminika bado imejaa. Mliosema ni fluksi (uga wa sumaku ulionaswa ndani ya kidonge) inatambaa, yaani inahama polepole, mlipatia: kwenye 77 K (takriban −196 °C, halijoto ya naitrojeni hiyo), joto linatosha kuzing'oa nyuzi za fluksi pale zilipong'ang'ania. Ushukaji unafuata logi ya muda. Inavyoshuka dakika ya 1 hadi ya 10 ni karibu sawa na inavyoshuka ya 10 hadi ya 100, kwa hiyo msipime mapema mno.

Kilichosaidia: poza kidonge sumaku ikiwa juu ya kabari ya mbao ya mm 10, subiri mchemko utulie, toa kabari, bonyeza sumaku mm 2 chini, kisha iachie. Kuibonyeza na kuiachia hivyo hugeuza mwelekeo wa mikondo ya umeme iliyo karibu na uso wa kidonge, na mtambao wa fluksi unapungua sana.